Ahadi, Deni na Amana: Swali la Pensheni ya Wazimamoto wa Detroit

Methali isemayo kwamba ahadi ni deni imezoeleka kiasi kwamba si rahisi kukumbuka kuwa inafananisha vitu viwili visivyo sawa. Ahadi ni neno analompa mtu mwenziwe juu ya jambo litakalotendeka baadaye, ilhali deni ni kitu kilichokwisha kupokewa na bado hakijalipiwa. Aliyeahidi kumtembelea jirani siku ya Idi asitokee amekosa adabu, lakini hajachukua chochote cha jirani. Aliyekopa kilo mbili za sukari dukani, akazitumia na kunyamaza, amekula mali ya mtu. Methali inataka la kwanza lichukuliwe kwa uzito wa la pili, na katika maisha ya kila siku hilo ni funzo jema. Katika suala la pensheni, hata hivyo, methali hii huupunguza uzito badala ya kuuongeza, kwa sababu pensheni si ahadi iliyopandishwa cheo ikawa deni, bali ni deni lililoshushwa cheo likaitwa ahadi.

Pensheni ni malipo anayopewa mtumishi kila mwezi tangu anapostaafu hadi anapofariki, na mara nyingi mjane wake baada yake, kwa kipimo cha miaka aliyotumika na mshahara aliokuwa akipata. Wengi huiona kuwa hisani ya mwajiri kwa mzee aliyechoka. Kwa hakika mji unapomwajiri askari wa zimamoto, ukampa sehemu ya ujira wake sasa na kumwambia kwamba sehemu iliyobaki ataikuta akistaafu, hiyo iliyobaki ni malipo ya moto aliouzima mwaka huu, si zawadi ya uzeeni. Hapo ndipo mizani ya dini inapoingia, na inaingia kwa ukali. Kumbukumbu la Torati linamwamuru mwajiri amlipe kibarua kabla jua halijatua. Mafundisho ya Mtume Muhammad yaliyopokewa na Ibn Majah yanataka mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ukiipima kwa mafundisho hayo mawili, pensheni ni jambo la kushtua, kwani ni ujira unaocheleweshwa kwa makusudi kwa miaka 25 au 30, na mchelewesho huo ndio kiini cha mpango wenyewe.

Njia ya kuuhalalisha mchelewesho huo ni moja, nayo ni kuhakikisha kwamba fedha inatoka mkononi mwa mwajiri siku ileile inapochumwa, ikawekwa mahali ambapo si yake tena ingawa mfanyakazi naye hajaishika. Kwa lugha ya mafakihi, hapo deni limegeuka kuwa amana. Tofauti ya maneno haya mawili si ya sarufi tu. Deni liko katika dhima ya mdaiwa, yaani linamfuata yeye, na mali zake zikiisha mdai hubaki na haki isiyo na kitu ndani yake. Amana ni mali ya mwenyewe iliyoko kwa mtu mwingine. Aliyekabidhiwa akifilisika, wadai wake hawana ruhusa ya kuigusa, kwa kuwa haikuwa yake hata siku moja. Mwajiri aliyetenga mchango wa pensheni kila mwezi ameulipa ujira kabla jasho halijakauka, hata kama mlipwaji ataupokea akiwa na mvi. Asiyetenga, hata akiandika ahadi yake katika katiba, bado hajalipa.

Mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ni mahali ambapo tofauti hii ilipimwa mahakamani, na katika jaribio hilo kulikuwa na michoro ya ukutani, mbao zilizopakwa rangi na wastaafu zaidi ya 20,000. Ni mji unaoujua moto tangu utoto wake: tarehe 11 Juni 1805 uliungua karibu wote, na maneno ya Kilatini aliyoyatunga Padri Gabriel Richard baada ya janga hilo, yenye kutumaini mema na kufufuka kutoka majivuni, yamo katika muhuri wa mji hadi leo. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1950, viwanda vya magari vilikuwa vimeufikisha kwenye watu wapatao 1,850,000; sensa ya mwaka 2010 ilikuta 713,777. Waliohama waliacha nyumba tupu, na nyumba tupu huungua. Katika siku chache za mwisho wa Oktoba 1984, kwenye desturi ya uharibifu iliyoitwa Usiku wa Shetani, kulizuka mioto zaidi ya 800. Kwa hiyo mji uliokuwa ukipoteza walipa kodi haukupoteza mioto, na kazi ya zimamoto iliongezeka kwa sababu ileile iliyoufanya mfuko wa kuilipia upungue.

Tarehe 18 Julai 2013, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18, mji uliomba ulinzi wa Sura ya 9 ya sheria ya ufilisi ya shirikisho, yaani sehemu inayoiruhusu manispaa kupatana upya na wadai wake chini ya usimamizi wa jaji. Ulikuwa ufilisi mkubwa kuliko wowote wa manispaa katika historia ya nchi hiyo. Wastaafu walikuwa na ngao waliyoiamini: Katiba ya Michigan ya mwaka 1963, ibara ya 9, kifungu cha 24, inatamka kwamba mafao yaliyokwisha kuchumwa ni wajibu wa kimkataba usiopunguzwa wala kudhoofishwa. Jaji Steven Rhodes aliamua tarehe 3 Desemba 2013 kwamba ngao hiyo haizuii mkuki wa shirikisho. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba katiba ya jimbo imeifanya pensheni kuwa mkataba, na mikataba ndiyo hasa inayovunjwa katika ufilisi. Uamuzi huo ulilaaniwa sana kama ukatili. Ukisomwa kwa utulivu unaonekana kuwa umetaja tu kile kilichokuwepo: waandishi wa katiba waliipa pensheni jina la deni lenye heshima kubwa, lakini deni lenye heshima kubwa bado ni deni.

Na fedha iliyokuwa tayari ndani ya Mfuko wa Mafao ya Polisi na Zimamoto haikuguswa na mdai yeyote. Ilikuwa ni amana. Kilicholetwa mezani kikatwe ni upungufu, yaani tofauti kati ya mafao yaliyoahidiwa na akiba iliyopo, ambao kwa mfuko huo ulikubaliwa katika mpango wa ufilisi kuwa takriban dola bilioni 1.25. Mahakama, bila kukusudia kutoa somo la maadili, ilichora mpaka uleule wa mafakihi: kilichotengwa ni cha mstaafu, kisichotengwa ni neno.

Kejeli ya shauri hili ilikuwa katika jengo lingine kabisa. Taasisi ya Sanaa ya Detroit, ambayo mkusanyiko wake ulimilikiwa na mji, ina michoro ya ukutani ya Diego Rivera ya miaka 1932 na 1933 inayoonyesha wafanyakazi wa viwandani, na ina mchoro wa karne ya 16 wa Pieter Bruegel unaoonyesha wanakijiji wakicheza arusini, ambao mji uliununua mwaka 1930. Wadai walipouliza kwa nini mji unaoelekea kufilisika unaweka ukutani mali ya namna hiyo, mwanasheria mkuu wa jimbo, Bill Schuette, alitoa maoni rasmi Juni 2013 kwamba kazi hizo zinashikiliwa kwa niaba ya umma na haziwezi kuuzwa ili kulipa madeni ya mji. Kwa maneno mengine, zilikuwa ni amana. Nyumba ya mnada ya Christie's ilizikadiria kazi zilizonunuliwa kwa fedha za mji kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 454 na 867. Wanakijiji wa Bruegel, waliokwisha cheza miaka zaidi ya 400, walikuwa na ulinzi ambao mtu aliyebeba mpira wa maji kwenye ngazi ya ghorofa ya nne hakuwa nao, na tofauti haikutokana na nani anathaminiwa zaidi. Ilitokana na kwamba mchoro ulikuwa umekwisha kununuliwa na kulipiwa, ujira haukuwa umelipwa.

Wapo watakaoona kwamba kilichofuata kiliondoa kejeli hiyo. Wakfu mbalimbali ziliahidi dola milioni 366, taasisi yenyewe ikaahidi kuchangisha milioni 100, na jimbo likatoa mchango uliohesabiwa kuwa milioni 350, yote kwa kipindi cha miaka 20, ili fedha hiyo iingie katika mifuko ya pensheni na sanaa ikabidhiwe kwa shirika huru lisilo la faida. Maafikiano hayo ya jumla ya dola milioni 816 yaliwaokoa wastaafu wa polisi na zimamoto wasikatwe pensheni ya msingi. Walichopoteza ni zaidi ya nusu ya nyongeza ya kila mwaka, iliyoshuka kutoka asilimia 2.25 hadi asilimia 45 ya kiwango hicho, yaani kama asilimia 1 kwa mwaka. Watumishi wengine wa mji walikatwa asilimia 4.5 na kupoteza nyongeza yote. Bima ya afya ya wastaafu, ambayo haikuwa imetengewa karibu chochote, ilikatwa kwa takriban asilimia 90. Zaidi ya asilimia 80 ya wastaafu wa polisi na zimamoto waliopiga kura waliukubali mpango huo, nao ukathibitishwa na Rhodes tarehe 7 Novemba 2014. Mtu anayepiga kura kati ya kupoteza kidogo na kupoteza kingi hajaridhia hasara; amechagua tu ukubwa wake.

Sababu moja ya kuwatofautisha polisi na wazimamoto na watumishi wengine ilikuwa kwamba askari hao hawamo katika mfumo wa hifadhi ya jamii wa taifa, kwa hiyo pensheni ya mji ndiyo yao pekee. Sababu nyingine, ambayo hati za mahakama haziisemi waziwazi, ni namna kazi yenyewe ilivyokuwa ikifanyika. Katika vituo vya zimamoto vya Detroit mwaka ule wa 2014, taarifa ya moto ilifika kwa faksi, na kwa kuwa faksi haina sauti ya kumwamsha aliyelala, askari walikuwa wakisimamisha kopo la soda lenye vyuma au sarafu ndani yake pembeni mwa mashine, ili karatasi ikitoka ilisukume, kopo lianguke na kelele iwainue. Kopo hilo linaeleza jambo ambalo vitabu vya hesabu havielezi: mji ulikuwa umekwisha kuwakopa watu hawa hata vifaa, na wao walikuwa wakiufidia kwa ubunifu wao, na fidia hiyo haikuandikwa popote kama mchango.

Swali gumu zaidi ni la nani hasa aliyeahidi. Aliyetia saini mkataba wa mwaka 1975 alikwisha ondoka madarakani, pengine duniani. Anayedaiwa mwaka 2013 ni mkazi ambaye huenda alihamia juzi. Thomas Jefferson, katika barua aliyomwandikia James Madison kutoka Paris tarehe 6 Septemba 1789, alishikilia kwamba dunia ni ya walio hai, na kwa kutumia majedwali ya vifo ya zama zake alikokotoa kwamba kizazi hudumu miaka 19, hivyo deni lolote la umma linalovuka muda huo ni kuwatoza watu ambao hawakukopa. Mwaka uliofuata Edmund Burke alichapisha kitabu chake dhidi ya Mapinduzi ya Ufaransa na kushikilia kinyume chake, kwamba jamii ni ushirika wa waliokufa, walio hai na ambao bado hawajazaliwa. Mara nyingi wawili hawa huwekwa kama mafahari wawili wa zizi moja, lakini katika suala la pensheni kila mmoja ana nusu ya jibu. Jefferson ana haki kusema kwamba kizazi hakina ruhusa ya kutumia na kuwaachia wengine hati ya malipo. Tatizo ni kwamba kanuni yake ikitekelezwa siku ya kulipa badala ya siku ya kukopa, anayeumia si aliyekopa bali mzee aliyekopesha jasho lake. Wala maisha yake hayaisaidii hoja: alipofariki mwaka 1826 alikuwa na deni la zaidi ya dola 100,000, na Januari 1827 watu 130 aliowamiliki kama watumwa walipigwa mnada pale Monticello. Walio hai walilipa deni la marehemu, na waliolipa ni wale ambao hakuna aliyewauliza.

Roma ya kale ilikwisha onyesha mtindo wa kuwatengea baadhi na kuwaahidi wengine. Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto alianzisha mambo mawili: hazina maalumu ya kuwalipa askari wanaostaafu, aliyoitia sestersi milioni 170 kutoka mali yake na kuitengea kodi ya asilimia 5 ya urithi, na kikosi cha walinzi wa usiku wa kuzima moto, kilichojaa watumwa walioachwa huru. Hazina ya kwanza ilikuwa ya wanajeshi. Wazimamoto walilipwa kwa kodi ya mauzo ya watumwa, na kiinua mgongo walichopewa na sheria ya mwaka wa 24 ni uraia kamili baada ya miaka sita ya kazi. Kila dola huchagua nani atengewe na nani aahidiwe.

Kutenga nako kuna hila yake. Ili kujua kiasi gani kitengwe leo, watakwimu bima, yaani wataalamu wa kukokotoa uhai wa mifuko, hukisia faida ambayo akiba itazaa kabla ya kulipwa, na kisio hilo huitwa kiwango cha punguzo. Mafao ya dola 1,000 yatakayolipwa baada ya miaka 30 yanahitaji kutengewa dola 99 hivi iwapo faida itakuwa asilimia 8 kwa mwaka. Kwa asilimia 6.75 yanahitaji dola 141, na kwa asilimia 4 dola 308. Hakuna askari aliyeajiriwa wala kufukuzwa kati ya tarakimu hizo, lakini ya kwanza inamruhusu meya kusema amelipa kila kitu, na ya tatu inamwonyesha kuwa amelipa chini ya theluthi moja. Katika shauri la Detroit, meneja wa dharura Kevyn Orr alikadiria upungufu wa mifuko yote miwili kuwa dola bilioni 3.5, ilhali hesabu za mifuko yenyewe zilitoa kiasi kidogo mno kuliko hicho; mpango wa mwisho ulichukua asilimia 6.75. Akiba haiozi, husema wahenga, lakini wahenga hawakuweka akiba yao katika soko la hisa la mwaka 2008. Kuchagua kiwango cha juu kwa sababu kinapunguza mchango wa leo ni kuwawekea nadhiri watu wengine na kuiita hesabu.

Mji haukuishia kwenye makisio. Katika miaka ya 2005 na 2006 ulikopa dola bilioni 1.44 kwa hati zilizoitwa vyeti vya ushiriki, ukipitia kampuni za kando zilizoundwa ili kukwepa ukomo wa kisheria wa kukopa, na fedha hizo zikatiwa katika mifuko ya pensheni. Vitabuni mifuko ilionekana kushiba. Kwa hakika shimo moja lilifukiwa kwa udongo uliochimbwa hatua mbili pembeni, na ufilisi ulipofika wenye vyeti hivyo waliambulia sehemu ndogo tu ya walichodai. Bila kukusudia, wakopeshaji hao walikuwa wamelipa ujira wa wazimamoto. Ni vigumu kuwahurumia sana, ila haki haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyepunjwa ni benki.

Ikiwa hivyo, nani alipaswa kulipa? Moto uliozimwa mwaka 1978 uliokoa nyumba ambayo mwenyewe aliiuza miaka michache baadaye na kuhamia vitongoji vya nje ya mpaka wa mji, akaondoka na thamani ya nyumba na kuacha sehemu yake ya deni la pensheni kwa waliobaki, ambao wengi wao walikuwa maskini na Weusi. Mpaka wa manispaa ni mstari mwembamba kisheria na mnene kifedha. Agosti 2012 wapigakura wa kaunti tatu, Wayne, Oakland na Macomb, walikubali kodi ya nyumba kwa ajili ya Taasisi ya Sanaa, yaani watu wa vitongoji waliridhia kuchangia michoro iliyo katikati ya mji. Hawakuwahi kuulizwa kuhusu wazimamoto waliozilinda nyumba za wazazi wao. Kwa sababu hiyo fedha za jimbo zilizoingia katika maafikiano, ambazo baadhi ya wabunge wa Michigan waliziona kama sadaka kwa mji mzembe, zinafaa kuhesabiwa kuwa malipo yaliyochelewa ya wale walioondoka na bili mfukoni.

Msomaji wa Tanzania ataitambua sura hii bila kusafiri. Mjadala wa kikokotoo uliozuka mwaka 2018, baada ya mifuko minne kuunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulihusu sehemu gani ya mafao ilipwe kwa mkupuo. Lakini chini yake kulikuwa na suala la zamani zaidi, la watumishi wa kabla ya Julai 1999 ambao hawakuwa wamechangiwa kwa kuwa mafao yao yalikuwa yakilipwa moja kwa moja na Hazina. Serikali ilikuja kulishughulikia kwa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2, ambayo haikuwa fedha taslimu bali maandishi ya kulipa. Ni hatua ya kutoka kwenye neno kuelekea kwenye deni lenye daftari, na bado haijafika kwenye amana.

Detroit iliruhusiwa kupumzika karibu kabisa kuchangia mifuko ya zamani kwa miaka 10, kisha ikarejea kulipa katika mwaka wa fedha wa 2024, ikisaidiwa na akiba iliyokuwa imeanza kuiweka kando mapema kwa kuhofia siku hiyo. Askari wa zimamoto aliyeajiriwa baada ya mwaka 2014 yumo katika mpango mwingine: hukatwa sehemu ya mshahara wake, na mfuko ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, nyongeza husimamishwa na makato kuongezwa kabla mji haujaguswa. Ameahidiwa kidogo kuliko baba yake, na kile kidogo kinahesabiwa kila mwaka mbele ya macho yake. Anapopanda ngazi na mpira wa maji begani, sehemu ya hatari ya soko la hisa imepanda pamoja naye, na mkataba wake unalitamka jambo hilo kwa maandishi.